Burosi Yangu na Turubai ya Kobero

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya uuguzi, mnaokuja kunitembelea hapa Muyinga mkisema mnatafuta maarifa ya wazee, kwanza fungueni mikoba yenu niione. Mwenye ile burosi ngumu ya kusugulia aitoe. Akasugulie viatu. Ngozi ya mtu aiache.

Ninayewaambia hivi nilifanya kazi miaka zaidi ya thelathini katika chumba cha ngozi cha zahanati moja huko Gitega, na kwa muda mrefu hakuna aliyekumbuka kwamba jina langu ni Zaina binti Hamisi. Niliitwa Mama Burosi. Watoto wakiniona sokoni walijificha nyuma ya sketi za mama zao. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akifunga mlango wa bafu kwa kufuli anapooga, na ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu.

Burosi yenyewe nilirithishwa na Mzee Gaspari, aliyekuwa mkuu wa chumba chetu nilipoanza kazi. Alikuwa mtu mfupi, mkali, aliyevaa koti lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Kila asubuhi alitupanga mstari na kutuuliza, "Ngozi ni nini?" Sisi tukajibu kwa pamoja, "Ngozi ni sahani!" Naye akamalizia, "Chakula hakipakuliwi kwenye sahani chafu, na dawa haipakwi kwenye ngozi chafu." Basi mgonjwa akiingia, alioshwa kwa maji ya moto na kipande cha sabuni ya kufulia, akasuguliwa kwa burosi mpaka akawa mwekundu, ndipo akapakwa dawa.

Msimcheke sana Mzee Gaspari. Enzi zake waliokuja wengi walikuwa na upele wa vidudu, wenye magamba mazito, na walipona. Kosa ni langu mimi mwanafunzi wake, niliyechukua dawa ya ugonjwa mmoja nikaifanya dini. Aliyekuja akijikuna, kwangu alikuwa na upele. Mwenye upele, kwangu alikuwa mchafu. Mwalimu mmoja wa Ryansoro alikuja na vipele shingoni kwa sababu ya rangi ya shati jipya, shati tu jamani, nikamsugua mpaka akaanza kuomba msamaha wa madhambi ambayo hakuyafanya. Shati alilivaa tena akaenda nalo nyumbani, kwa kuwa sikumuuliza swali hata moja.

Kwa hiyo jifunzeni kuuliza kabla ya kushika kitu. Nani mwingine nyumbani anajikuna? Kama ni nyumba nzima, na muwasho unazidi wakiingia kitandani, tazama katikati ya vidole, huenda ni upele wa vidudu, na wote watibiwe siku moja. Lakini kama ni mtoto mmoja tu, mashavu yamekauka na kupasuka, na katika ukoo kuna mtu mwenye pumu au anayepiga chafya kila vumbi likipita, hapo huenda una ugonjwa mwingine kabisa, ule wanaouita ekzema. Mimi sikuuliza, na kuna mama mmoja alikaribia kumpoteza mtoto wake kwa sababu yangu.

Mama huyo aliitwa Esperansi. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, muuza vitenge katika soko la Gitega, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, aliyepima kitambaa kwa mita ya mbao na kuwatishia wezi kwa mita hiyohiyo. Mumewe alikuwa mtu wa Bugendana, dereva, siku nyingi hayupo. Alikuja na binti yake Benita, wa miezi kumi, mashavu yamechubuka kama yaliyopitishwa kwenye kikwaruzo. Nyuma yake aliingia mama mkwe wake, Bibi Verediana, ambaye alishuka kutoka Bugendana kwa miguu, fimbo mkononi, na Kiswahili alichokiokota sokoni ujanani akiuza ndizi.

"Mama, mutoto halale," Esperansi aliniambia. "Anajikuna mpaka damu. Na mi namuoshaka kila siku, naapa."

"Unaosha saa ngapi?" Bibi Verediana akadakia. "We iko soko tangu asubuhi mpaka jua inazama. Mtoto nani anaosha? Vitenge?"

Ukumbi ulikuwa umejaa wagonjwa, na nusu yao walikuwa wanawake wa soko. Nikamtazama Benita kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Kisha mimi, mjuzi wa ngozi, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Huyu mtoto ni mchafu."

Nilimwona Esperansi akimfunika mtoto uso kwa kitenge. Bibi Verediana aligonga fimbo chini. "Mnasikia? Si mi nimesema. Na huyu ni mutu alisoma dawa." Nami, badala ya kuishia hapo, nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka usiku hugeuka upande wa pili. Nilitoa burosi yangu mwenyewe, ile ya Mzee Gaspari, nikampa bibi kama zawadi, na maagizo juu yake: mara tatu kwa siku, sabuni ya kufulia, usimwonee huruma.

Siku chache baadaye bibi alimchukua mjukuu wake akampeleka Bugendana. Aliwaambia watu wa soko kwamba mwanamke aliyeshindwa kuosha mtoto hawezi kulea mtoto, na kwamba muuguzi mwenyewe amethibitisha. Mume alipiga simu kutoka safarini akasema mama yake asibishiwe. Esperansi akaja kwangu, maziwa yamelowesha kitenge chake kifuani, akaniuliza, "Sasa mi nitafanya je? Batu ya soko banasema mi ni muchafu. Bananunua kwa wengine." Nilimjibu kwamba mtoto akipona atarudishwa. Nilijiona nimetoa jibu zuri.

Wiki iliyofuata tuliitwa kwenye semina. Mnajua semina zetu: soda, karatasi, na usingizi. Mwalimu alikuwa Daktari Inosenti, kijana aliyesomea ngozi ng'ambo, mwembamba, umri wa mwanangu wa pili. Mimi nilikaa nyuma na ufumaji wangu. Alipouliza ni nani bado anatumia burosi, wenzangu wote waligeuka kunitazama, hata mpishi wa chai.

"Mama, ngozi iko na kazi gani?" akaniuliza kwa adabu.

"Ngozi ni sahani," nikamjibu.

Hakucheka. Alitaka kutuonyesha picha kwenye mashine yake, umeme ukakatika, akachukua chaki. Akachora visanduku vimepangana, akasema hizo ni seli za ngozi ya juu. Akasema watu wengi hudhani ngozi inazuia maji kwa sababu seli ni ngumu. "Seli peke yake haitoshi. Hatari iko katikati, pale seli na seli zinakutana." Kisha akachora vijistari kati ya sanduku na sanduku. Akatuambia kwamba hapo kuna protini. Kuna zile zinazobana seli mbili pamoja kama vifungo vya shati, ili ngozi isichanike unapoivuta. Na chini kidogo ya tabaka la juu kabisa kuna nyingine, moja jina lake klodini, zinazotoka kwenye seli hii na kushikana na wenzao wa seli ya pili, mstari mzima, mpaka pengo linazibika. Juu yake kuna mafuta ya mwili yanayojaza nafasi kati ya seli zilizokauka. Vikiwa kamili, maji ya mwili yanabaki ndani na uchafu unabaki nje.

"Watoto wengine," akaendelea, "wanazaliwa protini za ngozi hazitoshi. Ukuta unavuja tangu mwanzo. Maji yanatoka, ngozi inakauka, vitu vya nje vinaingia, mwili unakasirika, mtoto anajikuna. Alors, basi, ukija na sabuni kali na burosi, unaondoa hata kile kidogo alicho nacho. Hapo tatizo haiko uchafu. Hapo tatizo iko mshono."

Aliposema mshono, sindano zangu za kufumia zilianguka chini. Sikuwa tena Gitega. Nilikuwa hapahapa Muyinga, msichana wa miaka kumi na mbili, na nyuma yangu kuna mbuzi.

Niwaeleze habari ya hao mbuzi. Baba yangu, Mzee Hamisi, alikuwa fundi cherehani, lakini mkate wetu haukutoka kwenye kanzu. Ulitoka kwenye maturubai ya malori yaliyopita mpaka wa Kobero. Bendera ya uhuru ilipopandishwa mimi nilikuwa bado mgongoni kwa mama, na baba tayari alikuwa akisema, "Nchi imepata uhuru, mvua haijapata habari." Alishona turubai kwa uzi mnene, mshono mara mbili, kisha akaupaka mshono wote nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya ng'ombe. Alikuwa akirudia, "Maji hayana haja na kitambaa. Maji yanatafuta mshono."

Siku moja dereva aitwaye Rajabu aliacha turubai yake irekebishwe. Baba akaishona, akaipaka nta, akaenda msikitini. Mimi nikaiona ile turubai: imekaa na mistari myeusi inayonata, inanuka, imevutia vumbi. Nikasema baba atafurahi nikiisafisha. Nikachukua burosi, majivu na sabuni, nikasugua kila mshono mpaka ukawa mweupe. Rajabu aliisifu kwa jinsi ilivyong'aa. Akaenda Kobero, akapakia chumvi, na mvua ikamkuta njiani akirudi.

Lori liliingia Muyinga likidondosha maji ya chumvi kutoka kila upande, na nyuma yake, wakilamba barabara na magurudumu, walikuja mbuzi wa mji mzima. Walilifuata mpaka mlangoni kwetu. Rajabu alishuka, akaonyesha tu kwa kidole: lori, mbuzi, baba.

Baba hakunipiga. Aliitandika turubai juu ya vijiti, akaniingiza chini yake, akapanda ngazi na ndoo. "Tone likikuangukia sema hapa." Ndivyo mafundi walivyotafuta panapovuja. Alimwaga ndoo baada ya ndoo, mimi nikalia "Hapa! Hapa! Na hapa!" naye akatia alama ya chaki. Nilitoka nimelowa kama kuku. Akaniambia, "Sasa umejua. Kilichokuwa kinanata ndicho kilichokuwa kinafanya kazi."

Nilijua, kisha nikakua, nikaenda Gitega, nikashika burosi tena. Kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni, na mimi hata damu ilikuwa ya watoto wa watu. Pale kwenye semina nilihisi aibu iliyonipanda kutoka miguuni. Benita alikuwa Bugendana, na burosi yangu ilikuwa pamoja naye.

Jumamosi alfajiri nilipanda gari la mizigo mpaka njia panda, halafu nikashika kilima kwa miguu yangu hii ya mjini. Wakulima waliokuwa wakirudi na mikungu ya ndizi kichwani walinipita wakinipa pole. Nilimkuta Bibi Verediana uani, mtoto amelala chali juu ya mkeka, burosi iko ndani ya beseni. Mashavu ya Benita yalikuwa mabaya kuliko nilivyoyaacha, na mikono sasa imepasuka pia. Nilipiga magoti nikasema, "Bibi, nilikosea. Mtoto si mchafu na mama yake si mchafu. Uache kumsugua, urudishe mtoto kwa mama yake."

Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu vilivyojaa udongo. "Esperansi amekupa kitenge ngapi?"

Nikamweleza protini. Nikamweleza klodini. Akaniuliza kama klodini anaishi Gitega au Bujumbura. Nikamweleza turubai na mbuzi. Kwa mbuzi alicheka mpaka akashika mbavu, lakini kwa mtoto alibaki palepale. "Ile siku ulisema mbele ya watu yote uchafu. Leo unakuja peke yako unasema hapana. Mi nitasadiki nani, we wa ile siku ao we wa leo?"

Hapo alinishika. Nikakunja mkono wa gauni langu. "Basi nisugue mimi. Mkono wa kushoto, kiwiko mpaka vidole, vilevile nilivyokuagiza. Mara tatu kwa siku mpaka kesho jioni. Wa kulia tutaupaka vazelini tu. Na siku hizi mbili mtoto umwache." Nikaongeza, "Usinionee huruma," kwa kuwa ndivyo nilivyoagiza.

Wanangu, hakunionea. Yule bibi alikuwa amelima shamba la mihogo miaka hamsini. Alisugua huku akiimba nyimbo za kanisani, na majirani walikuja kutazama Mwislamu wa mjini akiogeshwa mkono. Jumamosi jioni mkono ulikuwa mwekundu. Jumapili asubuhi ulikuwa unavuta, kama nguo iliyorudi baada ya kufuliwa. Adhuhuri, wakati wa kusuguliwa, nilianza kukumbuka madhambi yangu, nikamkumbuka na mwalimu wa Ryansoro.

Alasiri bibi alinipa kuku nimchinje mwenyewe kwa kuwa ni Mwislamu, heshima kwa mgeni, akaniletea bakuli la chumvi. "Paka kuku," akasema, kisha akaenda kuchochea moto. Nikatia mikono yote miwili. Wa kulia haukuwa na neno. Wa kushoto, mama yangu! Nilipiga yowe lililoamsha mbuzi wa kilima kizima. Ile chumvi ya Kobero ilikuwa imenifuata miaka yote hiyo mpaka Bugendana kudai haki yake.

Bibi alikuja mbio na kijiti cha moto. Akanishika mkono wa kushoto, akaugeuza kwenye mwanga, akaona mipasuko midogo midogo. Akaushika wa kulia, akaugeuza. Alirudia mara mbili. Mimi nilikuwa nikipuliza na kulia machozi, mtu mzima, mwajiriwa wa serikali.

Kisha akamtazama Benita, aliyekuwa amekaa mkekani akitafuna kanga yake.

"Huyu analia kila mi nachukua ile burosi," akasema taratibu. "Anaanza kulia kabla maji haijamugusa. Mi nilisema iko na kiburi, kama mama yake."

Akakaa chini. Kuku alipoiva, yeye hakula.

Usiku ule nilimwonyesha kazi, nayo ndiyo hii hii ninayowaonyesha nyinyi: maji ya vuguvugu, muda mfupi, sabuni kidogo isiyo na manukato na pale panapohitaji tu. Nguo laini, unagusisha maji yatoke, husugui. Kisha kabla ngozi haijakauka kabisa unapaka vazelini nyeupe, nyingi, mpaka inanata. Mafuta hayo hayaongezi protini, ila yanakaa mlangoni kulinda wakati ngozi inajishona yenyewe. Pale palipovimba na kutoa maji, daktari atoe dawa yake. Na mama aambiwe kwamba ugonjwa huu unatulia na kurudi, ili siku ukirudi asije akajilaumu.

Nilipompigia baba simu kumweleza, alikuwa mzee sana, anasikia kwa shida. Nilirudia habari yote mara tatu. Akauliza, "Yaani ile turubai umeielewa leo?"

Jumatatu Bibi Verediana alimfunga mjukuu wake mgongoni, tukashuka pamoja. Nilitaka tupitie njia ya nyuma kwenda nyumbani kwa Esperansi. Alikataa. Alipita katikati ya soko, kwenye nyanya, kwenye samaki wa ndagala, polepole, fimbo mbele, mpaka kwenye meza ya vitenge. Wanawake wa soko wakaanza kusogea.

Esperansi alisimama na mita yake mkononi. Nilimwomba msamaha mimi kwanza, kwa sauti ileile ya zahanati, ili waliosikia la mwanzo wasikie na la pili. Nikawaonyesha mkono.

"Mi nilifikiri siku nitaona we, nitapiga we na hii mita," Esperansi akaniambia. Akautazama mkono wangu. "Lakini naona mabukwe, mama ya bwana yangu, ameshamaliza kazi."

Soko likacheka, nami nikacheka nao, ingawa kucheka kulivuta mkono. Bibi Verediana hakucheka. Alikaa juu ya robota la vitenge bila kukaribishwa, akamvua Benita nguo pale mchana kweupe, akatoa kopo la vazelini, akaanza kumpaka. Alianza na mashavu, akaja shingo, akaja mkono mmoja mmoja, kidole kimoja kimoja, kila mtu aone. Muuza ndagala mmoja, ambaye kwa mdomo wake habari ya uchafu ilikuwa imefika mpaka stendi, akauliza mtoto ana nini.

"Ukuta yake inavuja," bibi akamjibu bila kuinua kichwa. "Alizaliwa hivyo. Mama yake iko msafi kuliko we na samaki yako."

Kisha akamnyooshea Esperansi mtoto juu ya meza, na Benita akaanza kuvuta kitenge cha mama yake akitafuta ziwa. Esperansi alimkumbatia mara moja, akainama naye nyuma ya marobota akisema anatafuta mkasi. Alikaa huko muda mrefu. Hakuna aliyemwita wala aliyekwenda kumsaidia kutafuta. Mkasi wenyewe ulikuwa juu ya meza, mbele yetu sote.